Mjadala: Kijana wa mpira wa kikapu akipite chuo aende kulipwa ughaibuni?

Mtoa mada

Swali ninaloliweka mezani ni hili: kijana aliyemaliza sekondari, mwenye kipaji cha mpira wa kikapu, je, ni busara akipite chuo na kwenda moja kwa moja kucheza kwa malipo nje ya nchi yake? Nauliza kwa sababu mwezi uliopita, nikiwa nimeketi kwenye ngazi za uwanja mmoja wa Upanga, Dar es Salaam, mama wa kijana wa miaka 17 alinipa simu yake nimsomee mkataba wa Kiingereza wa kurasa 11 uliotumwa na wakala. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mshahara, kwa dola, kwa herufi nene. Ukurasa wa nane, kwa herufi za kawaida, ulisema klabu inaweza kuuvunja mkataba iwapo mchezaji atakuwa majeruhi kwa zaidi ya siku 45. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameshasomewa na watu watatu kabla yangu.

Mjadala huu waliuanzisha Wamarekani. Zamani kijana aliweza kutoka sekondari akaingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, siku hiyo hiyo, kama walivyofanya Kevin Garnett mwaka 1995, Kobe Bryant 1996 na LeBron James 2003. Mwaka 2005 ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kwamba Mmarekani asiingie kwenye drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambalo klabu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu, mpaka atimize miaka 19 na mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lake limalize sekondari. Mwaka huo mmoja ndio uliozaa ugomvi wote. Wengi waliupitisha chuoni bila mshahara, huku vyuo vikivuna fedha za televisheni kwa jasho lao, hadi mwaka 2008 Brandon Jennings alipoamua kwenda kuupitisha Roma, Italia, akilipwa.

Sisi Watanzania tuna sababu ya kuikumbuka drafti iliyofuata, ya 2009, maana Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili baada ya miaka mitatu chuoni Connecticut, na Jennings akachaguliwa wa 10. Novemba ya mwaka huo Jennings alifunga pointi 55 katika mechi moja dhidi ya Golden State. Hasheem, kabla msimu haujaisha, alishushwa kwenda ligi ya maendeleo, ile ndogo iliyo chini ya NBA. Wapo wanaoutumia mfano huu kama ushahidi kwamba chuo hupoteza muda, nami nauona dhaifu sana, kwa kuwa unamlinganisha mtu wa zaidi ya futi saba aliyeanza kikapu akiwa amechelewa na mchezesha timu aliyekulia uwanjani.

Mifano inayonisumbua ni mingine. Jeremy Tyler aliacha sekondari ikiwa imebaki na mwaka mmoja, mwaka 2009, akaenda Maccabi Haifa ya Israel. Aliondoka kabla ya msimu kumalizika, akaenda Tokyo, na alipofika kwenye drafti ya 2011 alikuwa wa 39. Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kongo ambaye familia yake ilikimbia vita na kuhamia Texas, alisaini mwaka 2014 na klabu ya Guangdong ya China kwa dola milioni 1.2. Akaumia kifundo cha mguu. Klabu ya China wakati ule iliruhusiwa wageni wawili tu, na nafasi ya mgeni haikai bure ikimsubiri mtoto apone, kwa hiyo aliletwa Will Bynum, mtu mzima aliyekwishacheza NBA. Mudiay alimaliza msimu akiwa na mechi 12. NBA bado ilimchukua, wa saba mwaka 2015, lakini yeye alikuwa anajulikana Marekani nzima kabla hajapanda ndege. Kijana wa Upanga akikaa nje miezi mitatu, nani atakuwa anamkumbuka?

Mfano wa Australia ndio ulionifundisha zaidi. LaMelo Ball, kijana wa Kimarekani, alikwenda klabu ya Illawarra mwaka 2019, naye akaumia mguu, naye akaishia mechi 12. Tofauti ni kwamba alikwenda kupitia mpango uitwao Next Stars, ambao ligi yenyewe ndiyo inayoingia mkataba na kijana, na kijana hahesabiwi katika idadi ya wageni wa klabu. Kocha hakuwa na sababu ya kumwona kama mtu aliyekalia kiti cha mwingine. Ball alichaguliwa wa tatu kwenye drafti ya 2020.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba jina la nchi, hata ukubwa wa mshahara, si kipimo. Kipimo ni kama mahali anapokwenda pana sababu ya kuendelea kumtunza siku atakapocheza vibaya au kuumia. Chuo mara nyingi kina sababu hiyo. Klabu inayotaka ushindi wa Jumamosi haina, isipokuwa mkataba uilazimishe.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, nakushukuru, lakini umeikwepa hoja ya tumbo. Miaka minne ya chuo ni miaka minne ambayo mama huyo bado anauza maandazi. Tena, mbona hatuulizi hivi kwenye soka? Mbwana Samatta alipokwenda TP Mazembe mwaka 2011 hakuna aliyemwuliza shahada iko wapi, na alipofika Genk mwaka 2016 tulishangilia wote. Ikiwa ni kikapu, ghafla tunakuwa walimu wa taaluma. Isitoshe, mlango wa chuo haufungwi tena kama zamani. Thierry Darlan wa Jamhuri ya Afrika ya Kati alilipwa akichezea G League Ignite, timu ya vijana katika ligi ndogo ya NBA, na mwaka 2025 akapokelewa Chuo Kikuu cha Santa Clara. Aende, achume, akishindwa arudi darasani.

Mtoa mada

Hoja ya tumbo naikubali, na ninaikubali kwa sababu ambayo huenda hukuitarajia. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Mkondo wenyewe umegeuka: Ignite ilifungwa mwaka 2024, na Egor Demin alitoka Real Madrid ya Hispania kwenda kucheza Chuo Kikuu cha Brigham Young, jimboni Utah. Ndiyo maana Wamarekani wengi wanasema mjadala umekwisha. Kwa mtoto wetu haujaisha, kwa kuwa yeye ataingia kwa viza ya mwanafunzi, ambayo inabana sana kazi na malipo. Anaweza kukaa chumba kimoja na mwenzake anayelipwa mamilioni, naye akabaki na ufadhili wa masomo na chakula cha bwenini. Anayemwambia mama wa Upanga kwamba chuo sasa kinalipa, na asimweleze habari ya viza, anamdanganya.

Hata hivyo, angalia alivyokwenda Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Uganda. Alipitia akademia ya NBA iliyoko Senegali, akacheza ligi ya Afrika, BAL, hadi na City Oilers ya Kampala, akashiriki Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Angeweza kutafuta klabu ya kumlipa. Alikwenda Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, mwaka mmoja, na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10.

Kuhusu Samatta, ndugu yangu, soka ina wachezaji 11 uwanjani, kikosi cha watu 25 na timu za vijana chini yake. Kikapu ni watano uwanjani na kumi na wawili kwenye orodha. Nafasi ya mgeni katika ligi nyingi ni ya mtu anayefunga pointi 20 leo, wala hakuna timu ya pili ya kumshushia anayejifunza. Na hilo la Darlan ni kweli, ila chuo hakimpokei asiye na cheti cha sekondari. Tuanzie hapo: kidato cha sita kwanza.

Kwa mkataba ule nilimwambia mama mambo mawili. La kwanza, kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, haziruhusu mchezaji kuhamishwa nchi kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa kibali maalumu, na wakala hakuligusa hilo popote. La pili, hakukuwa na kifungu kinachopeleka migogoro kwenye mahakama ya usuluhishi ya kikapu yenye makao yake ya kisheria Geneva, ambayo ndiyo mchezaji asiyelipwa mshahara hukimbilia, na bila kifungu hicho atalazimika kushitaki katika nchi ya klabu, kwa lugha asiyoijua. Tuliandika ujumbe mfupi tukiomba kifungu hicho kiongezwe na kile cha siku 45 kiondolewe. Wakala alijibu baada ya siku nne, akauliza kama kijana anaweza kusafiri kabla ya mwisho wa mwezi. Kuhusu vifungu hakusema neno.