Semina ya kuvuta pumzi ya nini? Tuleteeni wauguzi wodini!

Wanajukwaa, pole zenu wekeni kando kwanza. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya umma hapa Malindi. Juzi tuliitwa semina ya afya ya akili. Nimetoka zamu ya usiku asubuhi ile ile, macho yanawasha, nakalishwa kwenye kiti cha plastiki naambiwa nivute pumzi kwa pua nitoe kwa mdomo, tena nijitahidi kulala masaa manane. Nilale lini, na rota mmeipanga nyinyi?

Usiku huo wodi nzima ilikuwa yangu peke yangu. Vitanda vimejaa, vingine wamelala wawili wawili. Dripu ya huyu inaisha, yule anatapika, bibi wa dirishani anaomba kushikwa mkono aende chooni. Mlangoni kuna kijana ananitukana kwa sababu mamake alikuwa achomwe sindano saa nne na sasa ni saa sita kasoro. Kijana ana haki ya kukasirika, dawa imechelewa kweli. Lakini matusi nayala mimi, na aliyeamua kwamba muuguzi mmoja anatosha amelala kwake na feni inazunguka. Mimi mwenyewe haja ndogo niliibana mpaka alfajiri.

Msituambie tunadeka. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walitoa utafiti wa wagonjwa wa upasuaji katika hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Kwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7, na wa muuguzi kuishiwa nguvu na moyo wa kazi kwa asilimia 23. California nao waliiwekea kikomo idadi ya wagonjwa kwa muuguzi kwenye sheria, ikaanza kutumika 2004. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2019 likaeleza kwamba uchovu huu unatokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Wa kazini, jamani! Pumzi zangu zina kosa gani?

Halafu mshahara. Ukichelewa, benki haikungoji, inakutoza faini ya mkopo, na mwenye nyumba anabisha hodi. Unaingia wodini kichwa kinapiga hesabu, na mkononi una dawa ya mtoto inayotaka kipimo sawasawa. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti tuligoma kuanzia Juni hadi Novemba tukidai mkataba wa malipo. Wagonjwa waliumia mno, hilo linaniuma mpaka leo, nasi ndio tulioitwa wauaji.

Kinachonifanya nisiache kazi ni wenzangu. Msimamizi wetu wa wodi akiona umeelemewa, anavaa glavu anaingia mwenyewe, wala hakugombezi mbele ya wagonjwa. Yeye huyo ameandika barua za kuomba watu mpaka amechoka.

Wakubwa, tunadai wauguzi wasiopungua wawili kila wodi usiku, mshahara kwa tarehe yake, askari mlangoni, na siku ya mapumziko isiguswe na semina yoyote.

Wauguzi wa Lamu, Mpeketoni, Kilifi, usiku wa leo mko wangapi wodini na wagonjwa ni wangapi? Andikeni hapa chini, bila majina ya wagonjwa. Nitazikusanya hizo namba nizipeleke kwa viongozi wetu wa chama.