Watoto wangu wametupa albamu zote za familia eti "picha si zipo kwenye simu"!! NIMECHOKA

Wakuu salamu kwenu wote. Mtanisamehe uzi utakuwa mrefu na naandika kwa kidole kimoja, miwani yenyewe imelegea mguu, ila leo lazima niseme maana nikiinyamazia hii kitu presha itanipanda bure.

Nimestaafu, huu mwaka wa sita. Mama watoto alitangulia, naishi mwenyewe, watoto wanakuja wanaondoka. Sasa juzi kati nilienda kukaa kwa dada yangu siku nne, alikuwa haumwi sana ila alitaka mtu wa kuongea naye. Wanangu wakaona ndo nafasi ya "kumwekea baba nyumba sawa". Narudi nakuta nyumba inang'aa, mapazia yamefuliwa, nikasema hawa watoto Mungu awabariki. Kumbe nafungua lile kabati la chini sebuleni, tupu. Nauliza albamu ziko wapi, kijana wangu mkubwa ananijibu huku anatabasamu kabisa, yaani anasubiri pongezi: tumezipiga zote kwa simu baba, ziko kwenye grupu la familia, yale makaratasi tumetoa yalikuwa yanaleta vumbi na mende.

MAKARATASI.

Albamu kumi na moja hizo, na boksi la viatu limejaa kaseti. Nikatoka mbio mpaka kwenye pipa, mtu wa umri wangu, nikakuta gari la taka limeshapita tangu jana yake asubuhi.

Sasa kabla hamjaniambia mzee mbona picha unazo kwenye simu, naomba nielezee, maana wao nimewaeleza wakanitazama kama naongea kichina. Mama yao alikuwa anaandika nyuma ya kila picha. KILA picha. Vijana wa siku hizi hawajui, mkanda ulikuwa na picha 24 au 36 basi, unapiga moja unaihesabu, na mpaka mkanda uishe ndo unaupeleka kusafishwa, unaweza kukaa miezi hujui kama umepata picha au imeungua. Siku picha zikirudi yeye anakaa chini jioni hiyohiyo na kalamu anaandika kabla hajasahau. Mwanzoni alitumia kalamu ya wino, wino ukawa unatokeza upande wa pili, mama mkwe wangu akatokea na doa katikati ya kipaji kama mtu aliyepigwa muhuri, kuanzia hapo akahamia kwenye penseli.

Na hakuwa anaandika tarehe tu kama karani. Alikuwa anaandika maneno yake. "Ameng'oka jino, ndo maana kafunga mdomo." "Hapa tumetoka kugombana, angalieni tulivyosimama." Kuna moja ya harusi ya shemeji yangu, nyuma kaandika "mwenye shati la mistari si ndugu yetu, alikuwa anapita akaomba naye apigwe." Sasa hivi ninavyoandika, kwenye grupu wajukuu wanauliza huyu wa shati la mistari ni nani, na mtoto wa shemeji kashajibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni babu mdogo upande wa mama!! Watu wanamwekea vikopa! Mpita njia kashakuwa babu wa watu, na ushahidi uko jalalani. Nimejaribu kusahihisha nikaambiwa baba labda umesahau.

Mimi ndo nimesahau.

Kwa hiyo walichopiga ni upande wa mbele peke yake. Hakuna hata mmoja kati yao watatu aliyepata akili ya kugeuza. Na huo upande wa mbele wenyewe wameupiga juu ya nailoni ya albamu, taa ya dari imetokea usoni kwa kila mtu, kwenye picha ya baba yangu mzazi kuna kidole gumba cha mtu pembeni sijui cha nani. Halafu wakatuma kwenye hizi app za kuchati ambazo zinabana picha isipokuwa uitume kama dokumenti, ukivuta uso uone macho unaona vigae tu. Kama walitaka kweli kuzitunza kuna mashine za kuskani, unaweka nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma, unamaliza taratibu. Na mimi muda ninao, si ndo wanavyosema kila siku? Wangeniomba ningeskani mwenyewe hata mwaka mzima.

Negativu nazo wametupa. Nilikuwa nazo kwenye bahasha, ile mikanda yenyewe ya kamera imekatwa vipande vya picha nne nne, binti yangu akasema alidhani ni takataka za mikanda iliyoharibika. Hizo ndo picha zenyewe mwanangu, hizo karatasi ni nakala! Ukiwa na negativu unasafisha tena hata leo. Tena zile picha za karatasi za rangi za miaka ya 70 zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu nyekundu, maana ile rangi ya kibuluu inachuja mapema kuliko nyingine, nilikuwa na mpango wa kuzisafisha upya. Ila nyeusi na nyeupe za wazazi wangu, zinazonizidi umri, zilikuwa safi kabisa kwa sababu zile ni madini ya fedha sio rangi. Zimekaa miaka yote hiyo, zimehama nyumba sita pamoja na sisi, zimekuja kufa kwa usafi wa siku moja.

Kaseti sitaki hata kuzizungumzia, nitasema moja tu. Kulikuwa na moja ya dakika 60, upande A huyuhuyu kijana wangu mkubwa ana miaka minne anajifunza kuhesabu, anaruka saba kila mara, na mama yake nyuma anacheka halafu anamwambia rudia. Nilivunja vile vijino viwili vya juu makusudi ili mtu asije akarekodi juu yake. Nimeilinda na watu wa kurekodi, sikujua kuna wa kutupa. Eti "hata redio ya kuchezea hamna." Redio ipo juu ya kabati la nguo, mkanda wake wa ndani ndo umelegea, fundi anabadilisha kwa nusu saa. Hamkuuliza.

Hili la kutokuuliza ndo linaniuma kuliko. Toka nistaafu mimi ni "si upo tu nyumbani." Baba kapokee mzigo si upo tu nyumbani, baba wachukue watoto shule si upo tu nyumbani. Wanadhani zile albamu nilikuwa naangalia kwa kukosa kazi, kama mtu anavyoangalia ukuta. Mi nilikuwa na utaratibu wangu, jioni moja albamu moja, na sikai nikalia kama wanavyofikiri, nilikuwa nabishana naye! Kaandika "mvua kubwa siku hiyo" namwambia mama nanihii haikunyesha, ona viatu vikavu. Ndo maongezi yangu ya siku hayo. Wengine wana luninga.

Na jana ndo nimemaliziwa kabisa. Mjukuu ananionyesha kwamba grupu letu limewekwa ujumbe ujifute wenyewe baada ya siku 90, kwa sababu simu za watu zinajaa. Kwangu kule kujipakua kulikuwa kumezimwa zamani ili nisijaze simu na salamu za asubuhi. Kwa hiyo hata hayo mapicha ya kidole gumba yana tarehe ya kufa! Tangu jana nahifadhi moja moja, nimefika 140, kidole kinauma.

Najua watakuja wa kusema mzee samehe walikuwa na nia njema. Nimeshasamehe, nani kasema sijasamehe, nimesema nina hasira. Na wale wa "vitu ni vitu tu" naomba mpite kimyakimya.

Imebaki moja. Ilikuwa kwenye faili langu la pensheni, sijui iliingiaje. Ni sisi wawili, upande wa kulia umeungua wote mweupe, mimi nimekatika kuanzia bega. Nyuma kwa penseli: "Imeungua nusu, kosa lake, alifungua kamera kuangalia kama mkanda umeisha." Uongo, ni yeye aliyefungua.

Kama kuna anayejua namna ya kulizima hilo la siku 90 bila kuwa admini aniambie, admini ni kijana wangu na hatuongei. Nitajibu baadaye, kuna fundi bomba anakuja kwa binti yangu na nimeambiwa nikamfungulie geti, si nipo tu nyumbani.