Kipande cha inchi 28 kinatosha bayasi ya mfarishi mzima?

VirakaMalindi

Assalaam alaykum wenzangu. Nimemaliza kuunga mfarishi wa viraka, inchi 60 kwa 80, wote umetokana na kanga za marehemu bibi yangu. Zilikuwa zimechakaa katikati, nikachukua pindo na pembe zilizobaki imara. Bado kukunga ukingo tu kwa bayasi, yaani utepe wa kitambaa kilichokatwa mshazari.

Nina poplini ya samawati iliyokolea, mraba wa inchi 28, niliyobakiwa nayo baada ya kushona bitana. Pale niliponunua hapa Malindi rangi ile imekwisha. Pembe nne za mfarishi nimezikata duara kwa kufuata sahani. Fundi mmoja wa mtaani kaniambia nitafute yadi mbili, kwa kuwa nikikata vipande vya mshazari, pembe zote za kitambaa zitakuwa za kutupa. Nataka upana wa inchi 2½, nikunje mara mbili. Kinatosha hiki? Mkasi ninao mkononi na sithubutu.

SindanoNaUzi

Dada, kwa nini bayasi? Kata vipande vilivyonyooka kufuata uzi wa kitambaa, uunge. Hakuna cha kutupa. Mimi mifarishi yangu yote hukunga hivyo na haijaharibika.

FundiLangoni

Wa alaykum salaam mwanangu. Kinatosha. Ila usikate mpaka usome niliyoandika yote.

Aliyotangulia kusema hapo juu ni kweli kwa mfarishi wa pembe kali. Wako una duara, na utepe uliofuata uzi ukifika kwenye duara hufanya marinda, hata upige pasi vipi. Huo wataka hanamu, ndiyo hiyo bayasi. Mkasi unapopita digrii 45, katikati ya mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, kitambaa huvutika na kutii. Tena hudumu: pale kwenye kunjo panaposuguliwa kila siku, utepe ulionyooka hubebwa na uzi mmoja au miwili, lakini wa hanamu nyuzi nyingi hugawana. Neno lenyewe huku Amu ni la chombo pia. Hanamu ndiyo mbao ya mbele inayokata maji. Ukipita Matondoni jahazi likiwa linaundwa, utazame ule mlalo wake, hutasahau tena maana ya kukata hanamu.

Sasa hesabu. Mzunguko wako ni 280, ongeza 12 za kuungia, 292. Zidisha kwa 2½ upate 730. Kipande chako, 28 kwa 28, ni 784. Kwenye karatasi kimetosha na kuzidi.

Lakini mimi hesabu hiyo hiyo ilinitia hasara. Mraba wangu ulikuwa wa inchi 28 kama wako, mfarishi ukubwa huo huo. Nilipokwisha kuukata pembe kwa pembe na kuuunga, kimo kikawa inchi 19¾ na kidogo. Nikachora mistari ya inchi 2½ kuanzia chini, nikafika juu mistari saba, kikabaki kitambaa chembamba cha inchi mbili na robo, si cha kutumika wala si cha kuacha. Nikakitupa. Nilipomaliza nilikuwa na inchi 267. Nikapungukiwa na inchi 25, nikaunga rangi nyingine, na mpaka leo kila ninapoukunjua mfarishi ule jicho langu huenda pale pale. Ulikuwa wa mwanangu wa kwanza kuolewa.

Kwa hiyo upotevu, mwanangu, umo katika ule ukanda wa mwisho. Pima kimo kwanza, kisha ukigawe sawasawa.

Fua na upige pasi poplini yako kabla ya chochote. Tia alama za chaki ubavu wa juu na wa chini wa mraba. Kata pembe kwa pembe, upate pembetatu mbili. Zikutanishe zile pande mbili zenye chaki, uso kwa uso, shona robo inchi, mshono mdogo mdogo kwa sababu baadaye mkasi utaupita na usipokuwa wa karibu utafumuka. Fungua mshono kwa pasi. Sasa una umbo lililolala, kingo mbili ndefu zikiwa za hanamu.

Weka futi kamba kutoka ukingo mmoja mrefu hadi wa pili, iwe wima kabisa. Utapata inchi 19¾ na kidogo. Gawanya kwa nane. Kila ukanda utakuwa inchi 2½ kasoro upana wa mstari wa chaki, na hakuna atakayeiona kasoro hiyo. Chora mistari, iwe sambamba na kingo ndefu. Usiuvute utepe hata kwa rula. Tumia ubao mrefu ulionyooka.

Pande mbili zilizobaki ndizo zinazowachanganya watu. Zikutanishe uso kwa uso kama unayeshona mkono wa kanzu, lakini zisiwe sawa: telezesha upande mmoja ukanda mmoja mzima, mstari wa kwanza ukutane na ukingo wa upande wa pili. Kipande kidogo kitaning'inia kila ncha, ndivyo inavyotakiwa. Piga bandi kwanza. Shona. Anza kukata pale kilipoanza kuning'inia, ufuate mstari, zunguka na zunguka mpaka mkasi utokee upande wa pili. Utapata utepe mmoja tu, inchi 300 na ushei.

KofiaNaVitundu

Nyongeza kwa fundi wetu: mistari ikutane pale utakapopita mshono, robo inchi ndani, si kwenye ncha ya kitambaa. Nilikutanisha nchani mara ya kwanza, mkasi ukatoka na ngazi kila mzunguko. Choma pini kila mstari. Na pasi ya hanamu ibonyezwe, isiburutwe, hasa ya makaa kwa kuwa ni nzito.

VirakaMalindi

Shikamoo fundi. Jana usiku nimekaa mpaka saa tano. Ile ya kutelezesha ukanda mmoja nilifumua mara mbili, ndipo nikaelewa. Nimepata inchi 304. Nimeshona mzunguko wote, duara zimelala kama zimemiminwa, na kimenibakia utepe wa shibiri moja hivi. Vya kutupa ni ncha mbili ndogo kuliko ukucha. Ule utepe wa shibiri niufanyeje?

FundiLangoni

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki mikono. Kunja utepe huo mara mbili, ushone kitanzi, ukitie nyuma kwenye pembe moja ya juu. Mfarishi wa kanga za bibi usianikwe juani ukining'inia kwenye vibanio, vitaukata. Pitisha kamba kwenye kitanzi, uanike kivulini, upande wa bitana utazame nje.