Calhoun, Ollie au Hurley: kocha gani mkali zaidi katika historia ya UConn?

Upanga Finest (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naleta hii mada maana kila uzi wa NBA ukianzishwa humu lazima mtu amtaje Hasheem Thabeet, na akishatajwa Thabeet basi UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani) inafuata, ila wengi tunaishia hapo hapo kwamba "alisoma kule", hatujui ile timu imepita kwenye mikono ya nani. Yaani chuo kiko Storrs, Connecticut, porini kabisa, kilianza 1881 kama shule ya kilimo na mpaka leo wanafuga ng'ombe na kuuza aiskrimu yao wenyewe, halafu hao hao wamebeba ubingwa wa kikapu wa NCAA, yaani wa vyuo vya Marekani, mara sita kati ya 1999 na 2024, tena chini ya makocha watatu tofauti.

Jim Calhoun (1986 hadi 2012): 1999, 2004, 2011.
Kevin Ollie (2012 hadi 2018): 2014.
Dan Hurley (2018 mpaka sasa): 2023, 2024.

Mimi namweka Hurley namba moja na sioni aibu. Kuchukua mara mbili mfululizo hakuna aliyekuwa amefanya tangu Florida 2006 na 2007. Na angalia alivyochukua: mechi sita za mashindano 2023 zote alishinda kwa pointi 13 au zaidi, 2024 mechi sita tena zote kwa 14 au zaidi. Mtoano ule ukiteleza dakika mbili tu unarudi nyumbani, yeye anawapiga watu kama wako mazoezini. Ile ya Illinois, robo fainali, aliwapiga pointi 30 kwa 0 kwa mpigo, thelathini bila jibu wakuu!! Karibuni tushindane kwa hoja.

Kapteni Mstaafu

Mkuu Hurley ni moto ila kumweka juu ya Calhoun ni kukosa adabu kwa wazee. Jiulize Calhoun aliikuta nini. Timu ilikuwa inaburuza mkia Big East (ligi yao ya vyuo), msimu wake wa kwanza mwenyewe akashinda 9 akafungwa 19, na hakuna aliyeshangaa maana ndo ilikuwa kawaida yao. Msimu uliofuata tu anabeba NIT, yale mashindano ya pili ya vyuo. 1990 anachukua Big East. Hurley alikuta chuo chenye vikombe vinne kabatini, dogo wa Jersey ukimpigia simu ukasema "UConn hapa" anajua unaongelea nini. Calhoun akipiga simu 1986 ilibidi kwanza aeleze Storrs iko wapi.

Binti Jangwani

Kaka Kapteni umenena, nami naongezea la wachezaji. Ray Allen, Richard Hamilton, Caron Butler, Ben Gordon, Emeka Okafor, Rudy Gay, Kemba Walker, hao wote wa mzee mmoja. Hurley hata robo ya hao hajafika, na wala simlaumu, miaka yenyewe bado michache.

Nyayo254

Mimi hapa kutoka Nairobi nawaambia nyote mmepotea, kura yangu ni Ollie na msinicheke kwanza. Manze ile 2014 watu huichukulia poa sana. Mwaka uliotangulia UConn walikuwa wamefungiwa hata kuingia mashindano kwa sababu ya alama za darasani, na hizo alama ni za miaka ya Calhoun, si za Ollie, yeye alikuta tu adhabu mezani. Wachezaji kadhaa wakatoroka. Shabazz Napier akabaki. Wakaingia 2014 wakiwa wamepangwa namba saba kwa kanda yao, mechi ya kwanza nusura watolewe na Saint Joseph's, ikaenda muda wa nyongeza, baada ya hapo wakamtoa Villanova, Iowa State, Michigan State, wakamtoa Florida ambaye alikuwa ameshinda mechi 30 mfululizo, fainali wakamnyorosha Kentucky 60 kwa 54 na mitupo ya bure walirusha 10 zikaingia zote 10. Kentucky walikosa 11. Hiyo ni coaching wasee, hiyo haiji kwa bahati.

Upanga Finest

Nyayo broo sibishi 2014 ilikuwa tamu, lakini si alirithi timu ya Calhoun? Napier na Ryan Boatright ni usajili wa mzee. Wake mwenyewe walipoanza kujaa kikosi ikawaje? 2017 kashinda 16 kafungwa 17, 2018 kashinda 14 kafungwa 18, Machi 2018 wakamtimua. Ni kama Moyes angechukua Man U ya Ferguson halafu abebe kombe msimu wa pili, tungemwimba sana, ila baadae hesabu ingerudi pale pale.

Nyayo254

Alirithi pia adhabu na alirithi ligi kuvunjika, hilo mbona hulisemi. Big East ilipogawanyika 2013 wenzao wakaenda zao, UConn wakabaki ligi ya American, badala ya kucheza na Georgetown, Villanova na St. John's pale New York unapanda ndege kwenda Tulsa na East Carolina. Nani wa New York anataka kusajiliwa kwa hiyo ratiba? Wamerudi Big East 2020, sasa angalia Hurley alianza kung'aa lini, ebu jibu hilo. Na kuhusu kutimuliwa, chuo kilisema kina sababu halali ya kutomlipa, msuluhishi Januari 2022 akasema alipwe zaidi ya dola milioni 11.

Kapteni Mstaafu

Hapo kwa ligi Nyayo umepiga kwenye mshono. Ila NCAA nao walimkuta Ollie na makosa 2019 wakampa vikwazo vya miaka mitatu, tusipake rangi upande mmoja. Na Calhoun wangu simtetei kote, ile kesi ya kumsajili Nate Miles ilimfanya akae nje mechi tatu za Big East msimu wake wa mwisho.

Mswahili wa Hartford

Salaam wakuu, mimi nipo huku huku Connecticut, nimesoma uzi nikaona kuna shimo kubwa, mnaongea kama vile historia imeanza 1986. Kabla ya hapo kulikuwa na Hugh Greer, ameifundisha 1946 mpaka Januari 1963, akafariki katikati ya msimu, kwa huku New England alikuwa ndo mfalme, ubingwa wa ligi yao ndogo alikuwa anauzoea, tatizo likawa akitoka nje ya kanda anakutana na wakubwa anarudi. Akaja Fred Shabel, 1964 akaifikisha nane bora ya taifa, na ile ndo ikabaki kilele chao kwa miaka na miaka. Halafu Dee Rowe, mtu mwema sana kwa wanaomkumbuka, 1976 kafika kumi na sita bora. Halafu Dom Perno, na huyu mtu hatendewi haki hata kidogo, maana ndo aliyekuwepo Big East ilipoanzishwa 1979, akajikuta analinganishwa na Georgetown ya Patrick Ewing na St. John's ya Chris Mullin huku bajeti na uwanja ni vya chuo cha mkoa. Kwahiyo lile shimo alilolikuta Calhoun halikuchimbwa na mtu mmoja mzembe, ni ligi iliyokua ghafla kuliko chuo.

Sasa nirudi kwenye mada. Watu wa hapa wa umri mkubwa ukiwauliza Calhoun hawaanzi na vikombe, wanaanza na 1990. UConn wapo nyuma pointi moja na Clemson, sekunde moja imebaki, Scott Burrell anarusha mpira uwanja mzima, Tate George anaudaka, anageuka, anatupia, unaingia, 71 kwa 70. Siku mbili baadae Christian Laettner wa Duke anawafanyia hao hao kitu kile kile muda wa nyongeza, 79 kwa 78. Na pointgadi wa Duke siku ile alikuwa nani? Bobby Hurley, kaka yake Dan. Leo Dan anaimbiwa Storrs, dunia hii ina vituko.

Baada ya hapo mzee akawa anakwama nane bora, 1995 tena, 1998 tena, watu wakaanza kusema hawezi kuvuka. 1999 akavuka, na fainali akakutana na Duke tena, Duke iliyopewa nafasi kubwa na kila mtu, akawapiga 77 kwa 74. Kikombe hicho kimoja mimi nakihesabu mara mbili, samahani mleta uzi.

Upanga Finest

Mkuu wa Hartford heshima yako, hili la Perno nilikuwa sijawahi kuliona limeandikwa hivyo. Lakini sasa unakihesabu mara mbili kwa kanuni ya nani hahaha. Basi na mimi nihesabu mara mbili cha 2024, ushindi mechi 37, kufungwa 3 tu.

Dogo Zege

Swali la kimsingi ambalo wote mnalikwepa: Thabeet angekuwa chini ya Hurley angekuwaje? Mana mimi nauona mfumo wa Hurley, senta anashika mpira juu, anapasia, watu wanakatiza kila upande, anamkinga mwenzake, anajiviringisha kwenda ringi, yaani senta anafundishwa kufikiri. Cheki Sanogo kijana wa Mali alivyokuwa mchezaji bora wa fainali za 2023, cheki Clingan alivyoenda namba 7 drafti ya 2024 (timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya). Thabeet alifundishwa kusimama chini ya ringi na kubloku. NBA akafika namba 2 mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, akashindwa.

Binti Jangwani

Dogo taratibu. Thabeet alianza kushika mpira akiwa na miaka kama 15 hapa Dar, hakuwa na utoto wa kikapu. Calhoun alimpata 2006 ni mrefu tu, 2009 anamwachia ni mchezaji bora wa ulinzi Big East mara mbili, na mchezaji bora wa ligi nzima kwa kugawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Wastani wake msimu ule pointi 13.6, rebaundi 10.8, bloku 4.2. Dhidi ya Providence alipiga pointi 15, rebaundi 11 na bloku 10 kwenye mechi moja! Walifika nne bora wakatolewa na Michigan State pale Detroit mbele ya watu wao. Sasa kocha afanye nini zaidi ya hapo ndani ya miaka mitatu, na dogo akaondoka akiwa na mwaka mmoja bado wa kucheza. Yaliyotokea Memphis, timu yake ya kwanza NBA, mkamuulize aliyemchagua.

Dogo Zege

Dada sijamsema Calhoun vibaya, nasema mfumo. Kwanza kipindi cha mzee hakukuwa na huu uhuru wa kuhama wa saivi. Hurley ananunua sokoni, Tristen Newton alimtoa East Carolina, Cam Spencer alimtoa Rutgers, wote wakaingia kikosi cha kwanza cha 2024.

Kapteni Mstaafu

Na hiyo ndo hoja yangu ya pili dhidi ya Hurley, umenisaidia. Mzee alikuwa anampokea mtoto wa miaka 18 anamkalia kooni mpaka anaiva. Kemba msimu wa kwanza anatokea benchi, wa tatu anaibeba timu iliyomaliza ya tisa Big East, wakashinda mechi tano siku tano mfululizo pale Madison Square Garden, halafu sita za taifa, kumi na moja bila kufungwa. (Fainali yenyewe na Butler ilikuwa mbovu kuangalia, Butler walipiga 64 zikaingia 12, ila kombe ni kombe.)

Upanga Finest

Kapteni soko liko wazi kwa wote, Kentucky na Duke nao wananunua hapo hapo na pengine kwa hela nyingi zaidi, mbona hawakuchukua 2023 na 2024? Na msisahau Hurley naye aliteseka, msimu wa kwanza kafungwa 17 kashinda 16, 2021 katolewa mechi ya kwanza na Maryland, 2022 katolewa mechi ya kwanza na New Mexico State, watu wakasema kelele nyingi hamna kitu. Ametoka kufundisha sekondari Newark, akaja Wagner, akaja Rhode Island, baba yake mwenyewe Bob Hurley yuko Hall of Fame kwa kufundisha sekondari tu pale Jersey City. Juni 2024 Lakers wakamfuata na dili lililotajwa kuwa dola milioni 70 kwa miaka sita, akakataa akarudi Storrs.

Nyayo254

Akarudi akaenda mashindano ya Maui Novemba akafungwa tatu mfululizo haha. Na Machi 2025 Florida wakamtoa 77 kwa 75, kamera ikamnasa akilalamikia marefa. Calhoun alikuwa mkali lakini huyu wa sasa ni tamthilia.

Mswahili wa Hartford

Nyayo, Calhoun wewe humjui, angekuwepo kipindi cha simu hizi angekuwa anatrendi kila wiki. Na mapenzi ya kufundisha hayakumwisha, 2018 akiwa na zaidi ya miaka 70 akaenda kuanzisha timu ya wanaume pale Saint Joseph, West Hartford, chuo kidogo kisichotoa hata ufadhili wa michezo, akawa anawafokea vijana vile vile.

Mama Kikapu

Nimesoma mpaka chini kabisa, ukurasa mzima wa vidume mnagombana nani kocha bora wa kikapu UConn na hakuna aliyemtaja Geno Auriemma, yuko pale tangu 1985, mwaka mmoja kabla ya Calhoun wenu, na 2025 kachukua kombe la 12.

Upanga Finest

Dada uzi ni wa timu ya wanaume.

Mama Kikapu

Najua mdogo wangu, ndo maana mmegawana sita watu watatu. Halafu 2004 na 2014 mliposhangilia sana, akina dada nao walibeba mwaka huo huo, nendeni mkaangalie.

Kapteni Mstaafu

Dah. Mods fungeni uzi.