Wakuu, boti ya mtumba nzito kama jiwe, niifanyeje ikimbie kwa hela ndogo?

DauKubwa:
Assalam aleikum wakuu. Nina boti ya faiba futi 23 niliinunua mkononi kwa mtu, mashine Yamaha ya nguvu farasi 40 ile ya kuchanganya oili na petroli, natoa wageni Kizimkazi, Zanzibar, asubuhi kwenda kutazama pomboo. Shida spidi. Tunatoka pamoja na wenzangu, wao washafika na wageni wao washaruka majini mie ndo kwanza naonekana kwa mbali, juzi mgeni mmoja kaniuliza kama nimesahau kung'oa nanga. Nimesikia wengine wanabadilisha pangaboi (lile panga la mashine linalozunguka majini), wengine wanatoa tamostati (kile kidude kinachodhibiti joto la mashine), wengine wanainua mashine. Kipi kinasaidia kwa hela kidogo? Msinambie ninunue mashine kubwa, hilo nalijua.

Pweza Mkavu:
Anza kuchagua wageni wembamba 😂

kusi_la_julai:
Umenikumbusha mzee wangu Mungu amrehemu, alikuwa na mashua ya tanga, kila bamvu, maji makubwa, tunaipandisha pwani, maji yakitoka tunawasha makuti tunaichoma chini mpaka wadudu wote wafe kisha tunapaka deheni, yaani chokaa na shahamu, mafuta ya mnyama, aisee ikirudi majini inateleza yenyewe, hata upepo mdogo unatosha. Siku moja tumetoka Mafia na shehena ya nazi... hiyo ntawahadithia siku nyingine. Nachosema angalia chini ya boti yako kuna nini.

Pweza Mkavu:
Naomba DauKubwa asiichome boti ya faiba na makuti, ushauri huo umhusu mzee tu

fundi_faiba:
Kusi kasema kweli lakini kwa faiba kwangua tu na kipande cha ubao, usitumie chuma utakula jelikoti, ile ngozi ya juu ya faiba. Boti inayolala majini ikiota majani na vile vigamba inapoteza spidi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Sasa nijibu haya. Pangaboi limeandikwa namba gani pale katikati? Resi yote mashine inafika mizunguko mingapi kwa dakika? Unabeba watu wangapi? Umeongeza nini tangu ununue? Na ubao wa tezini inapofungwa mashine una hali gani?

DauKubwa:
Shukran fundi. Pangaboi limeandikwa 13 mwishoni, lina panga moja limekunjika kidogo. Mita ya mizunguko sina. Watu 10 na mie na kijana wangu. Nimeongeza paa la turubai lenye mabomba ya chuma, mabenchi ya mbao, na sakafu nimeiinua kwa mbao ili wageni wasikanyage maji.

mama_ubuyu:
Samahani lakini mimi swali langu jingine. Hivi kwanini mnashindana kuwafikia hao pomboo? Ghuba ya Menai, hapo hapo Kizimkazi, imetangazwa eneo la hifadhi tangu 1997 lakini ukienda asubuhi unakuta maboti yamewazingira kama wezi, mnyama ana mtoto, anataka kupumzika, mnamkata mbele mnamkata nyuma halafu mnawarusha watu juu yake. Nilikwenda na familia nikalia wallahi. Spidi ndo tatizo lenyewe, we unatafuta kuliongeza.

DauKubwa:
Mama mie nikifika nazima mashine, waulize wenzangu. Lakini nikifika mwisho wageni hawaoni kitu, wakirudi hotelini wananiandika vibaya na watoto wanakula hizo hizo nyota tano.

BahariaMstaafu:
Yakhe hiyo 13 kwa mzigo huo ni kubwa. Ile 13 maana yake pangaboi likizunguka mara moja linataka kusogea inchi 13, sasa mashine ya 40 na watu 12 na paa la chuma hailisukumi, inabaki kulalamika chini. Ile mashine inatakiwa resi yote ifike mizunguko kama 5000 mpaka 5500, kama haifiki unachoma mafuta bure na unaiua. Tafuta 11 hata ya mtumba, ukishuka inchi moja unapata mizunguko kama 200. Watu wanadhani namba kubwa ndo spidi kubwa, sio kwa boti ya mzigo, ya kwako kwanza ipande juu ya maji ndo tuongelee spidi. Mita zipo ndogo za kuzungusha waya kwenye waya wa plagi, bei rahisi. Na hilo panga lililokunjika linyooshwe.

chombo_kasi:
Toa tamostati mkuu mashine ipumue

BahariaMstaafu:
Usitoe. Mashine itabaki baridi, plagi zitajaa oili. Hiyo inatoka kwa vijana wa bodaboda.

fundi_faiba:
Paa lile shusha, weka la nguo lenye mabomba ya alumini. Toboa tundu dogo sakafuni uone lile povu gumu la chini kama limenyonya maji, nimeshafungua boti nikatoa maji ya kilo mia na mwenyewe hajui, na lita moja ya maji ni kilo moja hesabu mwenyewe. Bati la juu ya pangaboi liwe usawa wa mkuku, uti wa chini wa boti, au juu yake kidogo, likizama sana mguu unaburuta maji. Ile pini ya nyuma inayopanga mwinamo wa mashine ihamishe tundu moja nje ujaribu. Ukitoa hilo paa, haya mengine nguvu zako tu na mafuta ya majaribio. Ila swali la ubao wa tezini umeliruka.

DauKubwa:
Ubao upo poa tu. Kwani si kama haiendi kabisa, inakwenda 28 ikiwa na wageni.

mnusa_chai:
Simameni hapo. Noti 28, yaani maili 28 za baharini kwa saa, futi 23, mashine ya 40, watu 12 na paa la chuma? Hii chai, tena ya maziwa. Huyu hana boti. Na ile "msinambie ninunue mashine kubwa" mnaijua maana yake, kesho analeta kijana wake kwenye uzi huu anauza mashine.

chombo_kasi:
Nilihisi. Mtu wa Kizimkazi hana mita ya mizunguko?

Pweza Mkavu:
Mama ubuyu umelia bure, hata pomboo hawapo

DauKubwa:
Jamani mie si tapeli! Nimeangalia simu, ni 28 za kilomita sio noti. Nimeapa.

BahariaMstaafu:
Basi hapo noti 15. Inaingia akilini kabisa, tena kwa mzigo ule hata sio mbaya. Mwacheni.

mnusa_chai:
Ajibu ubao wa tezini basi kama boti ipo.

DauKubwa:
Haya. Ubao una ufa kulia karibu na bolti, ukipiga resi mashine inacheza kidogo. Dada yangu yupo Muscat, boti yetu wawili, alituma pesa ubao ufanywe upya. Mie nikaona nikitengeneza ubao spidi ile ile, nikampa jamaa advansi ya mashine ya 75 mtumba. Nilitaka mnisaidie niongeze spidi huku namalizia deni. Ubao ntaufanya baadae, nimetia bati na bolti ndefu, umeshika.

fundi_faiba:
Umeshika nini? Bati limeficha tu. Piga na mpini wa nyundo, ukilia kama ngoma ya mvua mbao ya ndani imeoza. Una 40 inacheza, unataka kufunga 75 nzito kuliko hiyo, na watu kumi nyuma yako. Wakaguzi wa ZMA, mamlaka ya usafiri wa baharini Zanzibar, wakiona hilo bati utabaki pwani. Dada anajua?

DauKubwa:
Dada ataelewa wageni wakiongezeka.

mama_ubuyu:
Dada anasafisha nyumba za watu Muscat we unashindana na pomboo.

BahariaMstaafu:
Na mafuta umepiga hesabu? Hiyo 40 resi yote kama lita 20 kwa saa, 75 ya kuchanganya weka 35 na zaidi. Bei ya mgeni ile ile.

DauKubwa:
Jamaa wa mashine kasema advansi hairudi. Ningekuwa na njia ningeiacha.

chombo_kasi:
Mi nina ndugu Mkokotoni anatafuta 75. Ni shafti fupi au ndefu?

DauKubwa:
Sijapima. Nilivyoiona ilikuwa imelala chini imefunikwa.

fundi_faiba:
Ya Rabi. Shafti lazima ilingane na ubao wa tezini. Ubao wako una inchi ngapi kwenda juu, 15 au 20?

DauKubwa:
Ngoja maji yatoke nikapime.