Kwa nini wanaukwepa ushoroba wa kati? Swali kuhusu ushambuliaji katika kandanda ya Australia

Mgeni wa Ovali:

Salaam, wanajukwaa. Nimeifuatilia kandanda ya Australia kwa misimu miwili, tangu nilipohamia Adelaide, na kanuni za msingi nadhani nimezishika: wachezaji 18 kila upande, nguzo nne, alama 6 mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo mbili ndefu, alama 1 ukipita kando yake, na kwamba mpira husafirishwa kwa teke au kwa kupigwa ngumi kutoka kiganjani, kamwe haurushwi. Kinachonishinda ni mantiki ya ushambuliaji. Uwanja ni mpana, hakuna kuotea, na goli liko katikati. Hata hivyo namwona beki akidaka mpira, akatulia, akampa mwenzake aliye kando, yule akaurudisha nyuma, na baada ya pasi tano wanaishia kupiga teke refu kuelekea mstari wa pembeni, kwenye kundi la watu wanaopandiana mabegani. Jirani yangu, mshabiki wa miaka mingi, nilipomuuliza alinijibu kwa neno moja, "subira", kisha akaendelea kumzomea mwamuzi. Kwa nini wasipite katikati moja kwa moja?

Kiungo Mstaafu:

Ndugu Mgeni, jirani yako hakukosea, ila amekunyima maelezo. Katika mchezo huu timu haiulizi tu mpira uende wapi. Huuliza kwanza, ukipotea, upotelee wapi. Timu inapomiliki mpira hutawanyika, kwa maana mawinga husogea pembeni na mabeki hupanda mbele kutoa njia za pasi. Ukipokonywa mpira katikati wakati huo, adui ana uwanja mzima mbele yake, kushoto na kulia, na wachezaji wako wote wameshaachia nafasi zao. Ukiupoteza karibu na mstari, mstari wenyewe unakusaidia kukaba, na mpira ukitoka baada ya kugombewa, mwamuzi wa pembeni huurusha upya, nawe umepata muda wa kujipanga. Usiutoe tu kwa makusudi, wala usiupige ukatoka bila kugusa ardhi, kwani hapo mpinzani anapewa mpira.

Sasa zile pasi zinazokuudhi. Mchezaji akidaka mpira uliopigwa kwa teke la walau mita 15 bila kuguswa njiani, amepata maki: hakuna anayeruhusiwa kumvamia, naye anaweza kuutazama uwanja kwa utulivu. Siku hizi timu nyingi hazilindi mtu kwa mtu, bali husuka wavu wa wachezaji katika upande ule mpira ulipo na kuuacha upande wa mbali ukiwa mtupu. Mpira hewani una kasi kuliko miguu ya mtu. Mateke mawili ya haraka kuvuka uwanja huulazimisha wavu mzima kukimbia kwa ubavu, na wavu unaokimbia huachia matundu. Teke la kulipigia hesabu ni lile linalofuata, la mshazari wa nyuzi 45 kutoka pembeni kuingia katikati. Hilo ndilo teke la kijasiri kuliko yote, na mchezaji anayeliweza bila kutetereka huthaminiwa sana, ingawa magazeti ya Jumatatu humsifu aliyefunga.

Mwalimu wa Vijana:

Nakubaliana na Mstaafu kuhusu hatari, lakini naona ameipamba tahadhari kupita kiasi. Mabingwa kadhaa wa karne hii walitwaa taji kwa sababu walikataa kuuogopa ushoroba wa kati. Geelong ya 2007, chini ya Mark Thompson, ilipita humo kwa pasi za ngumi za mfululizo na wakimbiaji waliokuja wakipishana, na katika fainali ikaifunga Port Adelaide kwa tofauti ya alama 119, ambayo haijawahi kufikiwa katika fainali yoyote ya ligi kuu ya mchezo huu, AFL. Hawthorn ya Alastair Clarkson, iliyoshinda mataji matatu mfululizo kuanzia 2013 hadi 2015, ilifika kule kule kwa njia nyingine, yaani wapiga mateke mahiri, wengi wao wa mguu wa kushoto, waliotoboa wavu kwa mateke ya chini chini yaliyotua kifuani.

Kisha ikaja Richmond ya Damien Hardwick na kuivuruga dhana nzima ya umiliki. Mwaka 2017 safu yake ya mbele ilikuwa na mrefu mmoja wa kweli, Jack Riewoldt, aliyezungukwa na wafupi wenye mbio. Hawakujali sana mpira kutua mikononi salama. Waliupiga ngumi mbele, wakaugonga, wakausukuma, mradi usonge mita kadhaa kabla mabeki hawajajipanga, na ulipopokonywa, wale wafupi waliwaangukia mabeki kama nyuki. Walishinda taji lao la kwanza tangu 1980, na mengine mawili mwaka 2019 na 2020.

Kanuni nazo zimesogezwa ili kuusaidia ushambuliaji. Tangu 2021 mlinzi anayesimama mbele ya mwenye maki haruhusiwi kuhama kwa ubavu, la sivyo adhabu yake ni mpira kusogezwa mita 50 mbele kuelekea goli lake. Ndiyo maana pasi ya mshazari ya kuingia katikati imekuwa nyepesi kidogo kuliko zamani.

Mdau wa Port:

Nyote mmeishia katikati ya uwanja, ilhali swali la ndugu yetu lilifika hadi kwenye lile kundi la watu wanaorukiana. Kwa kuwa anaishi Adelaide, na amtazame Aliir Aliir wa Port Adelaide, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, katika familia ya Wasudani Kusini, na aliyeteuliwa katika kikosi bora cha ligi mwaka 2021. Beki wa namna yake hamfuati mshambuliaji wake kila anapokwenda. Huusoma mpira ungali mguuni mwa mpigaji, akamwacha mtu wake na kwenda kuudaka mahali utakapotua. Kwa timu inayopiga mateke marefu ya kubahatisha, beki huyo ni kama mpokeaji aliyekusudiwa.

Kwa hiyo washambuliaji hodari hufanya kazi kubwa bila kuugusa mpira. Mmoja huchomoka kumkimbilia mpigaji, mwingine humvuta yule beki hadi pembeni ambako hana faida, na wa tatu hujificha chini ya kundi kuokota makombo, yaani mipira iliyowaponyoka warukaji. Na kama una mtu asiyeshikika angani, mbinu ni kuwahamisha wengine wote wampishe: katika miaka ya 1990 Denis Pagan, kocha wa North Melbourne, aliwaondoa washambuliaji wengine mbele ya goli ili Wayne Carey abaki na beki wake katika uwanda mtupu, na timu ikatwaa ubingwa mwaka 1996 na 1999. Leo uwanda wa namna hiyo huonekana zaidi mpira unapoanzishwa katikati, kwa sababu tangu 2019 hapo kila timu hulazimika kuwa na wachezaji sita katika kila eneo, yaani nyuma, katikati na mbele, hivyo mabeki hawawezi kurundikana mapema.

Mgeni wa Ovali:

Nawashukuru nyote. Kosa langu, naona, ni kwamba nimekuwa nikiufuata mpira kwa macho, na huo wavu mnaousema sijawahi kuuona. Mechi ijayo nitakaa nyuma ya goli, ambako mapengo yataonekana kwa urefu wa uwanja wote, ingawa jirani yangu ana tiketi ya msimu ya pembeni na sidhani kama atakubali kuhama.