Mnaotangaza "kuamsha limfu" usoni: mmemkwangua mdogo wangu shingo miezi miwili, kumbe figo zinavuja

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na siifichi. Naomba mnisome, hasa akina dada mnaohangaika na uso kuvimba asubuhi, na ninyi wenye saluni mnaowapokea.

Mdogo wangu ana miaka 27. Mwezi wa tatu alianza kuamka macho yamejaa, mashavu mazito, ukimwangalia utasema kalia usiku kucha. Ikifika saa sita mchana uso unashuka. Kwa kuwa ulikuwa unashuka, hakuna aliyeshtuka, hata mimi. Akaenda saluni anakotengenezea ngozi siku zote, hapa hapa Dar, jina naliacha. Mhudumu akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, jibu akalitoa hapo hapo: limfu imelala, sumu zimekaa usoni, ndiyo maana ngozi imevimba na haing'ai. Vikao 10, shilingi 350,000. Juu yake chupa ya matone ya kunywa, 60,000.

Hakuulizwa mkojo wake ukoje. Hakuulizwa kama miguu inavimba. Hakupimwa presha. Hakuulizwa anapaka nini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu alichokuwa anapaka alikinunua pale pale.

Kikao cha nne nilimsindikiza. Walimlaza, wakampaka mafuta, wakachukua lile jiwe bapa la kijani wanaloliita gua sha, wakamkwangua kutoka kidevuni hadi kwenye mtulinga kama mtu anayepaa samaki magamba. Shingo ikatoka michirizi myekundu. Machozi yanamlenga, yule dada anamwambia avumilie, ndiyo sumu zinatoka. Tulirudi kwenye daladala kajizungushia mtandio shingoni na joto lote lile.

Sumu zinatoka wapi? Limfu ni maji yanayochuja kutoka kwenye mishipa ya damu yakabaki katikati ya nyama. Mishipa ya limfu inayakusanya, inayapitisha kwenye tezi za taya na shingo, halafu inayarudisha kwenye damu karibu na mtulinga. Yanarudi kwenye damu! Hayatokei shingoni kwa kukwanguliwa. Kazi ya kushughulikia uchafu wa mwili ni ya ini na figo, na figo za mdogo wangu wakati huo zilikuwa zinaumwa hakuna anayezitazama.

Tena mishipa ya limfu ya usoni iko juujuu, chini tu ya ngozi, na ni laini mno. Ndiyo maana masaji ya limfu ya kweli ni ya kupapasa: ngozi inavutwa taratibu na kuachiwa, haiumi, haiachi alama. Walioianzisha ni Emil Vodder wa Denmark na mkewe Estrid, miaka ya 1930, wakiwa kusini mwa Ufaransa. Leo wanafanyiwa watu ambao limfu yao imeharibika kweli, kwa mfano mama aliyeondolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya matiti, mkono ukavimba. Anayeifanya amesomea, na kabla hajamgusa mtu anauliza: una maambukizi kwenye ngozi? Una damu iliyoganda mguuni? Moyo wako mzima? Moyo uliochoka ukirudishiwa maji mengi kwa mkupuo, unamzidishia mgonjwa hali. Haya ni maswali ya dakika mbili. Saluni yenu imeshindwa dakika mbili?

Na sisi watu wa Pwani limfu hatukuijulia saluni. Babu yetu, kule Pangani, alikuwa na matende mguu wa kushoto. Ni minyoo inayoenezwa na mbu, iliharibu mishipa ya limfu, maji yakakosa pa kupita. Dawa za matende na mabusha za kumeza kwa kampeni zilianzia Mafia mwaka 2000. Kwa babu zilipofika, zilikuta mguu umeshaharibika. Lakini muuguzi aliyekuwa anakuja nyumbani alimfundisha kuuosha kila siku kwa maji na sabuni, kukausha vizuri katikati ya vidole, kuuinua akikaa, na kuchezesha kifundo, kwa sababu limfu haina moyo wake wa kuisukuma, inategemea sana misuli na pumzi. Nilikuwa mtoto, kazi yangu ilikuwa kushika beseni. Yule muuguzi hakutuuzia chupa yoyote.

Mwezi wa tano, baada ya kikao cha nane, miguu ya mdogo wangu ikaanza. Nilibonyeza ugoko kwa kidole gumba, kikabaki kishimo kama kwenye donge la unga. Nikamuuliza kuhusu mkojo, akaniambia kwa aibu kwamba una povu, povu la kama sabuni ya unga, akimwaga maji bado lipo. Alikuwa nalo wiki kadhaa. Asubuhi yake tukaenda hospitali. Muuguzi alichovya kijikaratasi kwenye kikopo, kale kamraba ka njano kakageuka kijani tukiwa tunaangalia. Protini, tena nyingi. Kipimo chenyewe hakikufika hata nusu ya bei ya kikao kimoja cha kukwanguliwa.

Daktari akatueleza kwamba protini ndiyo inayoyashika maji ndani ya mishipa ya damu. Figo zikiivujisha, maji yanatoka na kujaa penye ngozi legevu: ukilala yanakuja machoni, ukisimama yanateremka miguuni. Mtaro wa limfu haukuwa umeziba, bomba ndilo lililopasuka. Nikakumbuka zile picha za "kabla na baada" walizombandika kwenye ukurasa wao. Ya kabla ilipigwa saa mbili asubuhi, ya baada saa sita. Uso ungeshuka hata angekaa nyumbani anachambua mchele.

Kisha akataka aone kila anachopaka. Nikampelekea kopo jeupe la mkorogo, kifuniko cha dhahabu, halina orodha ya vilivyomo, jina la krimu limechapwa kwa printa likabandikwa kwa gundi. Daktari alilishika muda mrefu. Akasema zebaki inayotiwa kwenye mikorogo inaweza kuumiza figo hivi hivi, na kwamba vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku nchini. Akasema pia mingine ina clobetasol, steroidi kali ambayo ikipakwa sana kwa muda mrefu inaweza yenyewe kuufanya uso ujae uwe wa mviringo. Hakuapa kwamba ni kopo lile, ameagiza vipimo zaidi, ila siku hiyo hiyo alimkataza kulipaka tena.

Sisemi kila uso uliovimba ni figo. Umekula chumvi nyingi usiku, umelala kifudifudi, umelia, una mafua, uso utajaa na utashuka. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na sisi kwa mihogo na samaki wa kukaanga tunapita hapo kabla ya chakula cha usiku. Inua mto kidogo, nawa maji ya baridi, tembea, jipapase taratibu kuelekea shingoni ukipenda. Hilo siligombi, na anayelifanya kwa upole na kulisema lilivyo sina neno naye. Nagombana na anayemwona mtu wiki baada ya wiki, uso ule ule, anachukua pesa, na hasemi "dada, nenda kapime mkojo." Miguu ikivimba, mkojo ukiwa na povu, pumzi ikikata, au ukiwa unahisi baridi na uchovu usioisha huku uso umejaa, ambayo inaweza kuwa tezi ya thyroid, ile ya mbele ya shingo, haifanyi kazi vizuri, hapo ni kwa daktari.

Mdogo wangu sasa anatumia dawa, anakula bila chumvi, kila Jumatatu tunaenda kliniki. Macho yamepungua. Alama za shingoni bado anazifunika.

Juzi niliwaandikia saluni, nikawaeleza yote, nikadai pesa zirudi. Jibu limekuja saa nne usiku: "Pole sana mpenzi, vikao viwili bado vipo, aje kumalizia akipata nafuu."

Kopo nimelifungia kabatini, kesho nalipeleka TBS, Shirika la Viwango. Aliyenunua kopo jeupe la namna hiyo, kifuniko cha dhahabu, jina la kubandika, tafadhali asilitupe. Anitumie ujumbe tuende pamoja.